Makiwa Mlimani

Mimi ni mtu wa pwani na mlima sijaupenda hata siku moja. Mke wangu, ambaye kwao ni Lushoto, alinivumilia kwa hilo miaka yote ya ndoa yetu. Kila tulipokwenda kuwasalimu wakwe nilianza kulalamika tangu Mombo, gari halijaingia hata kona ya kwanza, na nikifika juu nilijifunika blanketi mchana kweupe nikaagiza chai. Alikuwa akiniita mzee wa nongwa. "Baridi haijamuua mtu hapa," alisema, "ila maneno yako yataniua mimi." Hayakumuua maneno yangu. Ni moyo uliomuua, na nayaandika haya kwa sababu habari ya kifo chake niliibeba mpaka nchi ya mbali, na nilipofika nikashindwa kuitua.

Kwetu Tanga msiba una utaratibu wake. Mtu ambaye hakuwahi maziko, hata ipite miaka, siku ya kwanza mnapoonana hakuulizi habari za safari wala za afya. Anakushika mkono anasema, "Makiwa," nawe unajibu, "Tunayo." Kisha mnakaa chini, anakuuliza ilikuwaje, na wewe mfiwa unamsimulia: ugonjwa ulianza lini, alilala wapi, nani alikuwepo, alisema nini mwisho. Kama ni kulia mnalia, halafu ndipo chai inaletwa. Huko ndiko kuhani. Vijana wa siku hizi hutuma pole na picha ya mshumaa, lakini simu haihani. Asiyekuja kukuhani anabaki na kitu kati yako na yeye, na kila mkionana kitu hicho kimekaa hapo, kinawatazama wote wawili.

Mimi nilihaniwa na mji mzima. Ni fundi cherehani, kibaraza changu kiko Usagara, nashona kanzu na kudarizi kofia, kwa hiyo watu wananipitia. Walikuja wa Nguvumali, walikuja wa Chumbageni ninakokaa, waliteremka ndugu wa mke wangu, Walutheri kwa Waislamu, na kila mmoja nilimsimulia. Habari ile niliisimulia mpaka ikalainika kama kola ya kanzu kuukuu, ikawa inatoka yenyewe mdomoni huku mkono unaendelea na sindano. Lakini kulikuwa na sentensi moja ya marehemu ambayo sikuisimulia popote. Ilikuwa ya binti yangu, na binti yangu hakuwepo.

Hatuna mtoto mwingine. Aliolewa na kijana wa Kithai aliyekuja kwetu kununua mawe ya vito ya bonde la Umba, akakaa mjini muda, akasilimu, akaoa kwa nikaha nyumbani kwangu, akafundishwa shikamoo akaipenda mno, hata watoto wa shule akawa anawaamkia. Baadaye wakahamia kwao, kaskazini ya Thailand, mji ulio chini ya milima. Mama yake alipofariki, binti yangu alikuwa amelala hospitali ya huko, uchungu umeanza. Kwetu maiti haingoji ndege. Tulimzika siku ya pili yake kabla ya adhuhuri, na jioni ile ile simu ikalia, binti yangu anasema amejifungua salama. Mkwe wangu ndiye aliyekuwa amempa habari ya mama yake. Mimi nikamwambia hongera, yeye akaniambia pole, mtoto akalia, mtandao ukakatika. Toka hapo kila Ijumaa alikuwa akinipigia. Mvua imenyesha? Lile bati limezibwa? Mguu unaendeleaje? Nami nilimuuliza mtoto anatambaa, mtoto ameota meno. Mama yake hatukumgusa.

Mwaka uliofuata walinitumia tikiti.

Ndani ya ndege sikulala. Nilijipanga: nikimwona tu, kabla hajapokea begi, nitamshika mkono, tutakaa hata kama ni sakafuni mwa uwanja wa ndege, na watu wapite. Nikafika. Mkwe wangu alikuwa amesimama na simu mbele ya uso, anapiga video. Binti yangu alikuja mbio, akasema, "Shikamoo baba," nikasema, "Marahaba," na kabla sijafungua mdomo mara ya pili nikatiwa mjukuu mikononi, analia, anazivuta ndevu zangu, watu wanacheka. Nikacheka na mimi. Watu hawawezi kuhaniana kwenye video. Ndani ya gari akaniuliza safari ilikuwaje. Nyumbani kikaletwa chakula.

Usiku huo nilikaa kitandani nikajiuliza nani alipaswa kuanza. Binti yangu ndiye ambaye hakuwahi maziko, na asiyekuwepo humhani aliyekuwepo. Hilo halina ubishi. Lakini mimi ndiye niliyepiga hodi kwenye nyumba yake, na yeye kafiwa na mama. Mgeni akiingia nyumba ya mfiwa, mgeni ndiye huhani. Hilo nalo halina ubishi. Ningekuwa nyumbani ningemwendea mwalimu wa madrasa akanipa jibu. Kule hakukuwa na wa kumuuliza, nikaona basi, nimwachie yeye, ni mtoto, aanze. Binti yangu kanirithi mimi kwa ukaidi. Nadhani na yeye upande wa pili wa ukuta alikuwa anapiga hesabu hiyo hiyo.

Siku zikapita hivyo. Asubuhi wote wawili waliondoka kwenda kazini na mtoto akapelekwa kwa walezi. Nilibaki mimi na mama mkwe wa binti yangu, mjane kama nilivyo mimi, mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mwanafunzi. Yeye hajui Kiswahili, mimi sijui Kithai, na Kiingereza hatuna wote. Niliweza kukaa tangu wanapoondoka mpaka wanaporudi bila kutamka neno lolote ila kwenye sala. Kuna mchana mmoja nilisema kwa sauti, peke yangu dirishani, "Sindano, uzi, mkasi, pasi," nisikie tu maneno yangu yapo. Upweke niliuzoea kwangu Chumbageni, lakini ule una sauti zake: muuza maji anapita, jirani anamgombeza mwanawe, muadhini anakohoa kabla ya kuadhini. Huu wa kule ulikuwa kimya, na ulikuwa na binti yangu ndani yake, jambo ambalo liliufanya uwe mkubwa zaidi. Nilivuka bahari kumfuata mtu mmoja, nikawa namkumbuka huku namwona.

Nilishona vifungo vyote vya nyumba ile. Nilipovimaliza nikapunguza suruali za mkwe wangu, ambazo hazikuwa ndefu.

Alasiri, kila siku, mama mkwe alipanda juu chumbani kwangu na sahani ya papai lililokatwa vizuri, akaiweka mbele yangu, akakaa kwenye kiti cha pili. Hasemi kitu. Anatazama dirisha, mimi natazama sindano, mpaka jua linapungua nguvu. Mwanzoni nilidhani ananipeleleza. Halafu nikadhani anangojea sahani yake, nikawa nakula papai haraka haraka nimpe aende zake. Alipokea sahani, akaiweka chini, akaendelea kukaa.

Ilipobaki siku chache nirudi, binti yangu akasema Jumapili tutapanda mlimani, mama mkwe anataka nikaone hekalu.

"Mimi nikafanye nini hekaluni?" nikamwambia. "Mimi na masanamu wapi na wapi?"

"Kuangalia tu, baba. Watalii wanakwenda kutoka dunia nzima."

"Mimi si mtalii."

"Najua," akasema, na akanitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida. "Twende tu."

Barabara ilikuwa na kona kama zile za Soni, njia ya kwenda kwao mke wangu. Ukungu umetanda mabondeni, wanawake wamepanga kabichi na karoti kando ya njia, watoto wamevaa masweta. Baridi ikaingia magotini. Binti yangu, aliyekuwa mbele na mumewe, aligeuka akasema, "Kama Soni, baba. Eti?" Sauti yake ilikuwa na kitu. Nami mdomo wangu, ambao nimeishi nao miaka mingi sijaweza kuufuga, ukasema, "Soni hakuna kuabudu masanamu." Akageuka mbele. Kona iliyofuata nilitazama nje nikaona nimefanya nini, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Nikiri kwamba lile hekalu sijapata kuona mfano wake. Ngazi zake zinapanda katikati ya nyoka wawili, mmoja kila upande, vichwa chini na mikia kule juu, na magamba yao yote ni vigae vya kijani na vipande vya kioo. Juu kuna mapaa yaliyopandana, jekundu juu ya jekundu, na kila ncha ya paa imepinda kwenda juu kama kidole kinachoonya. Katikati ya ua kuna mnara mzima umefunikwa dhahabu, jua likiupiga unafumba macho. Nguzo zina maua ya kuchonga, milango ina maua, mpaka chini ya dirisha, mahali ambapo hakuna mtu atakayeinama kutazama, pamewekwa maua. Nilitembea nikilitazama kifundi. Kila mdarizi wa kofia anajua kwamba uzuri wa kazi unategemea nafasi uliyoiacha wazi, jicho lipate pa kupumzika. Hapa fundi hakuacha hata tundu la sindano. Nikasema moyoni, huyu aliyejenga hapa alikuwa na huzuni au alikuwa na hofu. Mtu mwenye raha haogopi nafasi tupu namna hii. Nilitaka kumwambia mke wangu. Ndiye niliyekuwa nikimwambia mambo kama hayo, naye alisema, "Haya, mwenye macho," akaendelea kuchagua mchele.

Harufu ndiyo iliyonishtua zaidi. Palikuwa na udi. Si ubani wa dukani, ni udi wa kweli, ule tunaofukizia nyumba akitoka maiti. Na wanawake mlangoni walikuwa wanauza asumini zilizotungwa kwenye uzi, mbichi, zinanukia, kama zile ambazo mke wangu alikuwa akivaa kwenye nywele siku za arusi. Na uani, pembeni, imepandwa ile miti ya maua meupe yenye moyo wa njano, ambayo kwetu huioni ila makaburini. Yote yale yalikuwa yangu, yamewekwa mahali pasipo pangu.

Mkwe wangu alibaki kwenye gari, mtoto amelala. Tukaingia watatu. Viatu tukavua mlangoni. Hilo halikunipa taabu, ningeshangaa kama wasingevua. Ndani palikuwa na sanamu kubwa ya dhahabu, imefumba macho nusu, na mbele yake watawa wanne wa nguo za rangi ya machungwa wamekaa kwenye jukwaa. Tukakaa sakafuni. Goti langu halikunji vizuri, nikanyoosha miguu mbele kama ninavyofanya kwenye mkeka wa msibani, na mara binti yangu akaikamata miguu yangu akaikunja upande kwa haraka, huku watu wakitutazama. Miguu haielekezwi kwa sanamu, akaninong'oneza. Nikanuna.

Mama mkwe alikuwa amebeba sinia: mchele, matunda, kitambaa cha rangi ya machungwa, sabuni. Akalisogeza mbele ya watawa, akawaambia maneno. Wakaanza kusoma, sauti moja, nzito, isiyopanda wala kushuka. Mama mkwe akatoa birika dogo la shaba na bakuli lake, akaanza kumimina maji kutoka birikani kwenda bakulini, taratibu, uzi mwembamba usiokatika. Binti yangu alikuwa ameinamisha kichwa chenye mtandio, mikono ameikunja pamoja. Ndipo nikasikia jina la mke wangu.

Mtawa alilitamka vibaya, lakini lilikuwa lile lile. Likatajwa mara ya pili. Damu ikanipanda. Mke wangu ni Muislamu, alioshwa na kukafiniwa na kusaliwa na kusomewa hitma yake, leo hii anatajwa mbele ya sanamu, na mwanawe mwenyewe amekaa amefumba macho! Nikasimama. Goti likalia. Nikatoka bila kumwangalia mtu.

Nje viatu vyangu sikuviona. Vilikuwa vimeletwa vingine vingi, na hasira haioni viatu. Nikavuka ua miguu mitupu juu ya marumaru baridi, nikaenda kukaa kwenye ukingo wa ukuta, pale chini ya miti ile ya maua meupe, nikitazama bonde. Sijapata kuwa peke yangu kama nilivyokuwa pale. Nyuma yangu kengele zinapigwa na wageni, mbele yangu mlima unafuatana na mlima, na hakuna hata mmoja ninayeujua jina. Nikawaza kwamba nimempoteza mke, na sasa nimekuja kuona kwa macho yangu kwamba nimempoteza na mtoto. Nitarudi Tanga na ile sentensi yangu mfukoni, nitakufa nayo. Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa hasira kwanza, halafu kwa kulia tu. Mke wangu angelipenda lile bonde. Angesema, "Umeona? Na ungekataa kuja."

Walitoka baada ya muda. Mama mkwe alitangulia na bakuli la maji mikononi, binti yangu nyuma yake amebeba viatu vyangu. Akaviweka mbele ya miguu yangu.

"Viatu vyako ulivisahau, baba."

"Sikuvisahau. Sikuviona."

Akakaa kando yangu, si karibu sana. "Una hasira."

"Nisiwe na hasira? Mama yako ametajwa mle ndani. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Ametajwa. Anayemtaja ni mama mkwe, kwa dini yake. Tangu mama alipofariki anapanda huku, anampelekea sadaka, na hata hakumjua. Mimi humsindikiza, nikakaa, nikamsomea mama yangu Fatiha kimya kimya. Nitamsomea wapi pengine, baba? Kaburi lake sijaliona. Huyu peke yake ndiye aliyekaa msiba na mimi."

"Na ile mikono uliyokunja?"

Akafungua kiganja. Ndani yake palikuwa na tasbihi.

Mama mkwe, ambaye hakuelewa neno hata moja, alikuwa ameshafika kwenye shina la mti. Akainama, akamwaga yale maji chini, polepole, kwa mstari, kutoka mwanzo hadi mwisho, na ardhi ikayanywa. Niliuona mkono wake nikaukumbuka mkono wangu. Siku ya maziko nilipewa kopo la maji nikamwagia kaburi la mke wangu, kuanzia kichwani kwenda miguuni, na udongo ulikuwa mkavu, ukayanywa vile vile.

Bibi yule akaweka bakuli chini. Akaja mpaka nilipokaa, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, bado imelowa. Akanitazama usoni. Alivuta pumzi kama mtoto anayekwenda kusoma mbele ya darasa, akasema:

"Makiwa."

Alilivuta mwishoni, likapanda juu kama swali. Lakini lilikuwa lenyewe. Neno lile halimngoji mtu afikiri, ulimi hulijibu wenyewe, nikajibu, "Tunayo." Na wakati ule ule, kando yangu, nikasikia sauti ya binti yangu inasema, "Tunayo."

Tukageukiana. Siku zote zile nilikuwa napiga hesabu nani amhani mwenzake, kumbe tulikuwa upande mmoja wa mkeka. Wafiwa hawahaniani. Wafiwa hukaa bega kwa bega, wakahaniwa na mtu aliyetoka nje.

Binti yangu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Nilimfundisha mimi," akasema. "Kabla hujaja. Nikamwambia, baba akifika neno la kwanza ni hili, lakini ningoje mimi nianze, mimi ndiye mwanawe. Kaningoja mpaka leo. Kila siku ananiuliza, bado?"

"Na mbona hukuanza?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Watu watatu nyumba moja, kila mmoja kamshikia mwenzake mlango apite kwanza. Nikayakumbuka yale mapapai, na bibi yule alivyokaa kwenye kiti cha pili hasemi kitu. Kwetu watu wa namna hiyo huja siku za matanga: hawana maneno, wanakaa tu na mfiwa mpaka jua lipungue. Nilikuwa nimekaliwa msiba siku zote zile na sikujua.

Akasogea, bega lake likagusa langu. Halafu akaniuliza, kama inavyoulizwa kwetu tangu enzi na enzi, "Ilikuwaje, baba?"

Nikamsimulia. Ile habari iliyolainika ikatoka safari hii kwa shida, nikawa naijaribu kama kitambaa kipya. Nilimwambia kwamba alfajiri mama yake aliswali kwa kukaa, akasema kifua kinambana. Nikakoroga uji, akanywa vijiko viwili akaukataa. Jirani akaenda kutafuta bajaji. Mimi nikakaa kitandani nimemwegemeza kifuani, na fahamu zake zikawa zinakwenda na kurudi.

"Akasema nini?"

Hapo ndipo nilipofika kila mara, na hapo ndipo watu wote nilipowaambia alitamka shahada. Ni kweli, aliitamka. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na jingine.

"Aliniuliza, 'Yule mtoto amekula?' Nikamwambia, mtoto gani? Akasema, 'Mtoto. Amekula?' Ni wewe. Alikuwa anakuona mdogo, umerudi shule."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia amekula. Akasema, 'Haya.' Kisha akatamka shahada."

Binti yangu aliiminya ile tasbihi kiganjani.

"Sikuwa nimekula, baba," akasema. "Siku ile nzima. Nilikuwa na uchungu, kila walichonipa nilikitapika."

Akaweka kichwa begani mwangu akalia kilio ambacho alipaswa kukilia kwenye ukumbi wangu kule Chumbageni, katikati ya wanawake, akiwa ameshikwa huku na huku. Alishikwa na mimi na goti langu bovu. Mama mkwe akakaa upande wake wa pili. Baadaye akafungua mkoba, akatoa wali wenye nazi uliofungwa kwenye majani ya mgomba, akabandua jani moja akampa yeye, akabandua la pili akanipa mimi. Tukala pale pale, maua yakituangukia. Ulikuwa wali mtamu, na nilisema hivyo, na binti yangu akatafsiri, na bibi yule akafurahi.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Uwanjani tuliagana vizuri. Nimerudi nyumbani, na nyumba ni ile ile. Chumba cha kulala kina upande mmoja wa kitanda usiokunjika shuka. Nafunga kibaraza Usagara, narudi Chumbageni kwa miguu, nafungua mlango, na kwa mazoea nasema "Hodi," ndani hakuna wa kusema karibu. Sitadanganya kwamba safari ile iliponya kitu. Kitu kilichokuwa kati yangu na mwanangu kiliondoka. Upweke ulibaki, na sasa hauna hata mtu wa kuulaumu.

Lakini binti yangu siku hizi hangoji Ijumaa. Anapiga kila jioni, na haulizi mvua wala bati.

"Shikamoo baba. Umekula?"

Jana alipopiga nilikuwa nimekaa ukumbini, giza linaingia, jiko sijaliwasha na wala sikuwa na mpango wa kuliwasha.

"Nimekula," nikamwambia.

"Haya," akasema.